Kwa nini Waingereza hawaamini tena wanasiasa wala magazeti yao

KAMA wewe ni shabiki sugu wa Liverpool, stori hii unaijua. Kama ni wa Arsenal au Man U, tulia usome pia. Leo si siku ya kutaniana.

Kuna gazeti moja Uingereza ambalo ukitembea nalo mjini Liverpool, watu watakuangalia vibaya. Linaitwa The Sun. Kwa miaka mingi limekuwa miongoni mwa magazeti yanayouzwa sana nchini humo, lakini Liverpool kuna maduka mengi yasiyotaka hata kuliona. Kuna teksi zilizobandikwa ujumbe wa kuwaomba watu wasilinunue. Mnamo Februari 2017 klabu yenyewe ilikata shauri: wanahabari wa gazeti hilo hawaingii tena Anfield wala uwanja wa mazoezi.

Chuki hii si ya jana. Tarehe 15 Aprili 1989, mashabiki wa Liverpool walisafiri hadi Sheffield kutazama nusu fainali ya Kombe la FA dhidi ya Nottingham Forest, ugani Hillsborough. Nje kulikuwa na msongamano. Polisi wakafungua lango kubwa, umati ukamiminika katika sehemu iliyokuwa tayari imejaa nyuma ya goli, na waliokuwa mbele wakabanwa kwenye ua wa chuma hadi wakakosa pumzi. Mkasa huo uliua watu 97. Wa mwisho alifariki 2021, miaka 32 baadaye, kutokana na majeraha ya siku hiyo.

Siku nne baada ya mkasa, The Sun lilitoka na kichwa kikubwa ukurasa wa kwanza: ‘Ukweli’. Chini yake likadai kwamba mashabiki waliwaibia wafu na kuwakojolea polisi waliokuwa wakiokoa watu.

Ulikuwa uongo mtupu. Na uongo huo haukuanzia kwa mwandishi. Ulitoka kwa maafisa wa polisi na mbunge mmoja wa chama tawala, gazeti likaupokea na kuupigia baragumu.

Ilichukua familia za waliofariki miaka 27 ya kuzunguka kortini kusafisha majina ya wapendwa wao. Mwaka 2012 jopo huru lilifichua kwamba taarifa 116 za polisi zilibadilishwa ili kuondoa maneno yaliyowaweka polisi pabaya. The Sun likaomba msamaha mwaka huo huo. Aprili 2016, baraza la wazee wa mahakama likaamua kwamba watu hao waliuawa kinyume cha sheria, na mashabiki hawakuwa na kosa lolote.

Nimeanza na Liverpool kwa sababu hapo unaona kwa udogo kitu ambacho sasa kimeenea Uingereza nzima. Polisi wakadanganya, mwanasiasa akabeba uongo, gazeti likauchapisha. Mwananchi alipotaka kujua ukweli, hakuwa na pa kuuliza.

NAMBARI ZINASEMA NINI

Sisi huku tulifundishwa shuleni kwamba Uingereza ndiyo mama wa mabunge. Spika wetu na ile siwa yake, Upande wa Serikali na Upande wa Wachache, vyote tuliiga kule. Kwa hivyo wengi hudhani mambo ya majuu ni safi, na kwamba siasa za kudanganyana ni ugonjwa wetu peke yetu.

Hebu tazama nambari.

Kwa miongo kadhaa, shirika la utafiti la NatCen limekuwa likiwauliza Waingereza iwapo wanaamini serikali, iwe ya chama chochote, itatanguliza maslahi ya nchi badala ya ya chama chake. Katika matokeo yaliyotolewa Juni 2024, asilimia 45 walisema karibu hawaiamini kamwe. Hiyo ilikuwa rekodi mpya. Walipoulizwa kama wanasiasa husema ukweli wanapobanwa kwenye kona, asilimia 58 walijibu hivyo hivyo: karibu kamwe.

Kampuni ya Ipsos nayo huwauliza watu ni kazi gani wanaamini wanaoifanya husema ukweli. Wauguzi ndio huongoza. Wanasiasa mwaka 2023 walipata asilimia 9, kiwango cha chini zaidi tangu utafiti huo uanze 1983. Yaani ukikusanya Waingereza 10 kwenye stage ya basi, hutapata hata mmoja kamili anayemwamini mwanasiasa.

Wanahabari wasicheke. Taasisi ya Reuters ya Chuo Kikuu cha Oxford inasema mwaka 2015 asilimia 51 ya Waingereza waliamini habari nyingi wanazopata. Kufikia 2024 walikuwa wamebaki asilimia 36. Mbaya zaidi, idadi ya wanaofurahia kufuatilia habari ilishuka kutoka asilimia 70 hadi 38 katika kipindi hicho hicho. Watu hawakukasirika tu, walizima redio kabisa.

Imani ya aina hii haipotei kwa siku moja. Huliwa kidogo kidogo, kama mchwa anavyokula nguzo. Acha nikupe baadhi ya waliouma.

VITA NA BATA

Tarehe 15 Februari 2003, jiji la London lilishuhudia maandamano makubwa zaidi katika historia yake. Makadirio mengi yanasema waliojitokeza walipita milioni moja. Walikuwa wakimwambia Waziri Mkuu Tony Blair asiende vitani Iraq. Blair alisema Saddam Hussein ana silaha za maangamizi, na magazeti mengi makubwa yakamuunga mkono. Mwezi uliofuata, vita vikaanza. Silaha zenyewe hazikupatikana hadi leo. Ripoti ya uchunguzi ya Sir John Chilcot ilipotoka Julai 2016, ilisema vita vilianzishwa kabla ya njia za amani kujaribiwa zote, na kwamba taarifa za kijasusi zilizotumiwa zilikuwa na kasoro.

Sasa jiweke katika viatu vya kijana aliyeandamana siku hiyo akiwa na miaka 18. Umepiga kelele na wenzako milioni moja, hakuna aliyekusikia, kisha baadaye ikabainika ulikuwa sahihi. Utarudi tena barabarani ukiwa na imani ile ile?

Miaka sita baadaye ikaja kashfa ya marupurupu. Neno hilo Mkenya halihitaji kutafsiriwa.

Mei 2009, gazeti la Daily Telegraph lilianza kuchapisha orodha ya vitu ambavyo wabunge walikuwa wakitaka kulipiwa na mlipa ushuru. Mmoja alikuwa amewasilisha hesabu zilizotaja gharama ya kusafisha handaki la maji linalozunguka jumba lake. Mwingine aliomba pauni 1,645 za kibanda cha kuelea cha bata bwawani kwake. Ombi la kibanda lilikataliwa, lakini bata wale wakawa maarufu kuliko mbunge mwenyewe. Wengine walicheza na anwani za nyumba zao ili serikali iwalipie mikopo ya nyumba.

Haya yalitoka wakati Waingereza wa kawaida walikuwa wakipoteza kazi baada ya benki kuporomoka 2008. Na bunge lilikuwa limejaribu hata mahakamani kuzuia rekodi hizo zisitolewe. Spika Michael Martin alilazimika kung’atuka, Spika wa kwanza kusukumwa nje ya kiti tangu 1695. Wabunge kadhaa waliishia jela.

Katika sakata hiyo gazeti lilikuwa shujaa. Lakini ushujaa wa magazeti haukudumu hata miaka mitatu.

SIMU YA MSICHANA ALIYEUAWA

Mwaka 2002 msichana wa miaka 13, Milly Dowler, alitoweka akirudi nyumbani kutoka shuleni. Baadaye alipatikana ameuawa. Julai 2011 gazeti la The Guardian likafichua kwamba alipokuwa bado anatafutwa, watu wa gazeti la News of the World walidukua simu yake wakasikiliza jumbe za sauti alizoachiwa na watu waliokuwa wakimtafuta.

Nchi nzima ilitetemeka kwa hasira. Ndani ya siku chache mmiliki wake, bwanyenye Rupert Murdoch, alilifunga gazeti hilo lililokuwa limedumu miaka 168. Toleo la mwisho lilitoka Julai 10.

Hapo ndipo siasa na habari zikaonekana zimelala kitanda kimoja. Mhariri wa zamani wa gazeti hilo, Andy Coulson, alikuwa ameajiriwa na Waziri Mkuu David Cameron kuwa mkuu wake wa mawasiliano. Mwaka 2014 alifungwa miezi 18 jela kwa kosa la kudukua simu. Murdoch mwenyewe aliwaambia wabunge kwamba alipoenda kunywa chai na Cameron baada ya uchaguzi wa 2010, aliombwa apitie mlango wa nyuma.

Mlango wa nyuma! Kama mgeni ni wa heri, mbona asipitie wa mbele?

Tume ya Jaji Leveson ikaundwa, mashahidi wakasikizwa, ripoti ikatoka Novemba 2012. Kulikuwa kuwe na sehemu ya pili, ya kuchunguza zaidi yaliyotendeka ndani ya magazeti na uhusiano wao na polisi. Mwaka 2018 serikali ikaifutilia mbali. Stori ikaishia hapo.

KARO, BASI JEKUNDU NA LETASI

Vijana wa Uingereza wana kidonda chao maalum, na kinaitwa karo.

Kabla ya uchaguzi wa 2010, wagombea wa chama cha Liberal Democrats walitia saini ahadi mbele ya wanafunzi kwamba watapinga nyongeza yoyote ya karo ya vyuo vikuu. Walipiga picha wameshika karatasi zenyewe, kiongozi wao Nick Clegg akiwemo. Wanafunzi wakawapa kura. Chama kikaingia katika serikali ya muungano, na Desemba mwaka huo huo bunge likaruhusu karo kupanda kutoka takriban pauni 3,300 hadi 9,000 kwa mwaka. Clegg aliunga mkono.

Wanafunzi hawakusahau. Uchaguzi wa 2015 chama hicho kilitoka na wabunge 8, kutoka 57. Clegg alikuwa ameomba msamaha kwa video mwaka 2012, wajanja wa mtandaoni wakaigeuza kuwa wimbo. Mwaka 2018 akaajiriwa na Facebook. Karo haikurudi chini.

Kisha ikaja kura ya maamuzi ya kujiondoa katika Muungano wa Ulaya, Juni 23, 2016. Waliotaka kutoka walizunguka na basi jekundu lililoandikwa kwamba Uingereza hupeleka Ulaya pauni milioni 350 kila wiki, na kwamba afadhali pesa hizo zielekezwe hospitalini. Mamlaka ya takwimu ya nchi hiyo ilisema nambari hiyo ilikuwa ya kupotosha, kwa sababu haikuhesabu pesa ambazo Uingereza ilikuwa ikirudishiwa. Basi likaendelea kuzunguka.

Waliotaka kutoka walishinda kwa asilimia 52 dhidi ya 48. Walioshindwa walisema vyombo vya habari viliachilia uongo upite. Walioshinda nao walisema vyombo hivyo hivyo vinawadharau. Kwa mara ya kwanza Uingereza iliyogawanyika pande mbili ilikubaliana jambo moja: wanahabari wanatudanganya.

Baada ya hapo ikulu ya Downing Street ikageuka matatu, huyu anapanda, yule anashuka. Kati ya Julai 2016 na Julai 2024, watu sita walishika kiti cha waziri mkuu: Cameron, Theresa May, Boris Johnson, Liz Truss, Rishi Sunak na Keir Starmer.

Johnson ndiye aliyewaumiza watu zaidi. Wakati wa corona, serikali yake ilikataza watu kukutana. Kuna waliowaaga wazazi wao kwa simu. Malkia Elizabeth mwenyewe aliketi peke yake, kavaa barakoa, katika mazishi ya mumewe Aprili 17, 2021. Baadaye ikajulikana kwamba usiku wa kuamkia mazishi hayo, wafanyakazi wa Downing Street walikuwa na pati mbili za vinywaji. Polisi walitoa faini 126 kwa ajili ya mikutano ya aina hiyo. Johnson alipigwa faini moja, na 2023 kamati ya bunge ikaamua kwamba alilipotosha bunge kimakusudi.

Truss naye aliandaa mpango wa kupunguza ushuru bila kusema pesa za kuziba pengo zitatoka wapi. Pauni ikaanguka, riba za mikopo ya nyumba zikapaa. Gazeti la Daily Star likaweka letasi, ile mboga ya saladi, mbele ya kamera na kuuliza nani atadumu zaidi, letasi au waziri mkuu. Letasi ilishinda. Truss aliondoka baada ya siku 49.

Watu walicheka hadi wakalia. Lakini aliyekuwa na mkopo wa nyumba mwezi huo hakucheka.

HABARI ILIKUWEPO, NANI ALISIKIA?

Kuna uongo, halafu kuna kupuuzwa. Ukiniuliza mimi, kupuuzwa ndiko kuchungu zaidi.

Kati ya 1999 na 2015, watu zaidi ya 900 waliokuwa wakisimamia matawi madogo ya posta mitaani na vijijini walihukumiwa kwa wizi na ulaghai. Kompyuta ilionyesha pesa zimepungua, Posta ikasema wameiba. Wengine walifungwa, wengine wakafilisika wakijaribu kulipa pesa ambazo hawakuchukua, na wapo waliojiua. Kosa lilikuwa la mfumo wa kompyuta ulioitwa Horizon.

Jarida la Computer Weekly liliandika habari hiyo mapema, mwaka 2009. Mmoja wa waathiriwa, Alan Bates, aliwakusanya wenzake hadi wakafika 555, wakaishtaki Posta na kushinda mahakama kuu Desemba 2019. Bado nchi ilikuwa imelala. Ni hadi Januari 2024, runinga ya ITV ilipoonyesha mchezo wa kuigiza kuhusu Bates kwa siku nne mfululizo, ndipo watu wakawaka. Ndani ya siku chache serikali ilitangaza kwamba itatunga sheria ya kufuta hukumu hizo, na kufikia Mei ilikuwa imepita.

Wanasiasa walikuwa na ushahidi mezani miaka yote hiyo. Wakasubiri drama.

Jumba la Grenfell ni vivyo hivyo. Jumba hilo la ghorofa 24 liliungua London alfajiri ya Juni 14, 2017, na kuua watu 72. Wengi walikuwa familia za kipato cha chini, kati yao wahamiaji na Waislamu waliokuwa macho kwa sababu ilikuwa Ramadhani. Ukuta wa nje ulikuwa umefunikwa kwa vifaa vinavyoshika moto upesi. Kikundi cha wakazi kilikuwa kimeandika mtandaoni Novemba 2016, miezi saba kabla, kwamba usalama wao hautachukuliwa kwa uzito hadi janga litokee.

Wanahabari walipofika na kamera zao baada ya moto, wakazi waliwauliza: mlikuwa wapi tulipokuwa tukipiga kelele? Mtangazaji maarufu wa Channel 4, Jon Snow, alilibeba swali hilo hadi kwenye hotuba aliyotoa Edinburgh Agosti mwaka huo. Alikiri kwamba watu wa vyombo vya habari wamekuwa mbali mno na maisha ya watu wa aina ile.

Hata BBC, ambayo babu zetu wamekuwa wakiisikiliza kwa Kiswahili tangu 1957 wakiamini kila neno, imekuwa na aibu zake. Mwaka 2011 wahariri wake waliacha kupeperusha uchunguzi kuhusu Jimmy Savile, mtangazaji wao aliyekuwa akidhulumu watoto kingono. ITV ikaja kuanika mambo hayo 2012. Mwaka 2021 ripoti ya Lord Dyson ikathibitisha kwamba mahojiano yale maarufu ya Princess Diana ya 1995 yalipatikana baada ya mwanahabari kutumia stakabadhi feki za benki. Na Novemba 2025 mkurugenzi mkuu Tim Davie alijiuzulu baada ya kelele kuhusu jinsi hotuba ya Donald Trump ilivyokatwa na kuunganishwa katika kipindi cha Panorama. Pamoja na yote hayo, BBC bado ni miongoni mwa vyombo vinavyoaminiwa zaidi nchini humo. Hiyo inakuonyesha wengine wako wapi.

PENGO HUJAZWA NA UVUMI

Unaweza kusema, sawa, watu wamewachoka wanasiasa na magazeti, kwani nini? Si waachane nao tu?

Shida ni kwamba mtu akiacha kuamini habari, haimaanishi ameacha kuamini. Anaanza kuamini kitu kingine.

Julai 29, 2024, kijana wa miaka 17 aliingia na kisu katika darasa la dansi la watoto mjini Southport, karibu na Liverpool. Wasichana watatu waliuawa, wa miaka sita, saba na tisa. Kabla polisi hawajatoa jina, mitandao ilikuwa tayari na lake: jina la kutunga, pamoja na madai kwamba mshukiwa ni mtafuta hifadhi aliyeingia nchini kwa mashua. Hakuwa. Alizaliwa Cardiff, huko huko Uingereza.

Polisi walikanusha. Runinga zikakanusha. Lakini nani alikuwa anawaamini polisi na runinga? Siku iliyofuata msikiti wa Southport ulishambuliwa kwa mawe. Vurugu zikasambaa hadi miji mingine, na huko Rotherham umati ukajaribu kuchoma hoteli iliyokuwa na watafuta hifadhi ndani. Jaji aliamua jina la mshukiwa litajwe licha ya umri wake, ili kuzima uongo. Ilikuwa too late, kama tunavyosema mtaani.

Kenya ilikuwa miongoni mwa nchi zilizowatahadharisha raia wao walio Uingereza wakae mbali na maeneo yenye fujo. Kule kuna wanafunzi wetu. Kuna wauguzi wetu, watu wa ile kazi inayoongoza kwa kuaminiwa, wakiambiwa waangalie wanapopita wakitoka zamu.

Kwa hivyo wakati mwingine bei ya imani iliyopotea hailipwi na aliyeipoteza. Mwanasiasa ana walinzi na mhariri ana lango. Anayelipa ni mwenye ngozi nyeusi anayesubiri basi usiku.

KURA SITA

Uchaguzi wa Julai 4, 2024 ulionyesha hasira hii vizuri. Chama cha Labour kilipata viti 411 kati ya 650. Ukisikia hivyo utadhani nchi ilikuwa inasherehekea. Lakini kilipata asilimia 33.7 tu ya kura, na takriban watu wanne kati ya kumi waliojiandikisha hawakupiga kura kabisa. Chama kipya cha Reform UK, kinachojinadi kama cha waliochoshwa na wazito wa siasa, kilipata kura milioni nne na zaidi, kikaambulia viti vitano.

Starmer aliingia akiahidi kurejesha imani. Kabla miezi mitatu kuisha, nchi ilikuwa ikizungumzia suti na miwani aliyonunuliwa na tajiri wa chama, pamoja na tiketi za shoo ya Taylor Swift alizopewa. Alirudisha zaidi ya pauni 6,000. Si pesa nyingi kwa waziri mkuu, lakini mwezi huo huo serikali yake ilikuwa imewaondolea wazee wengi msaada wa pesa za kupasha nyumba joto. Juni 2025 ikalegeza uamuzi huo.

Ukiwa kijana wa huko, una sababu zaidi za kununa. Tangu 2023 lazima uonyeshe kitambulisho chenye picha ndipo upige kura. Kadi ya basi ya mzee inakubaliwa. Kadi ya usafiri ya mwanafunzi haikubaliwi. Haki iko wapi? Julai 2025 serikali ilitangaza mpango wa kuwaruhusu wenye miaka 16 na 17 kupiga kura, lakini kumpa mtu kura na kumfanya aiamini ni vitu viwili.

Hata hivyo, kabla hujasema kura moja haibadilishi kitu, sikia hii. Mei 1, 2025 kulikuwa na uchaguzi mdogo wa ubunge eneo la Runcorn na Helsby, baada ya mbunge wa Labour kujiuzulu kwa kumpiga mwananchi ngumi barabarani. Mwaka uliotangulia Labour kilikuwa kimeshinda hapo kwa kura zaidi ya 14,000. Safari hii Reform ilipata kura 12,645 na Labour 12,639.

Kura sita. Waliobaki nyumbani siku hiyo wakisema wanasiasa wote ni wale wale walikuwa maelfu.

Na kama una ndugu au rafiki Uingereza, mwambie kitu ambacho wengi hawajui: Mkenya anayeishi huko kihalali, kwa sababu sisi ni wanachama wa Jumuiya ya Madola, anaweza kujiandikisha na kupiga kura hata katika uchaguzi mkuu. Pasipoti yake ya Kenya inatosha kama kitambulisho.

TURUDI ANFIELD

Nikisoma historia hii yote, naona aina mbili za watu waliovunjwa moyo. Wa kwanza ni waliozima kila kitu. Hawasomi, hawapigi kura, na mtu akiwarushia uongo kwenye simu wanaumeza mzima mzima kwa sababu angalau haukutoka kwa serikali.

Wa pili ni akina mama na akina baba wa Liverpool. Hao walikuwa na kila sababu ya kukata tamaa. Hawakuamini polisi, hawakuamini wabunge, hawakuamini gazeti. Lakini hawakuacha kutafuta ukweli. Waliitisha stakabadhi, wakahudhuria vikao, wakazika wenzao waliofariki kabla kesi kuisha, wakaendelea. Alan Bates alifanya vivyo hivyo kwa miaka ishirini hivi.

Septemba 2025 serikali ya Uingereza iliwasilisha bungeni mswada ambao familia za Hillsborough zilikuwa zimeudai kwa miaka mingi. Unalenga kuwalazimu maafisa wa umma kusema ukweli majanga yanapochunguzwa, na anayedanganya umma kwa makusudi ashtakiwe.

Fikiria hilo kidogo. Nchi iliyotufunza sisi bunge inahitaji sheria ya kuwaambia maafisa wake wasidanganye. Na walioisukuma hadi hapo ni mashabiki wa mpira na wazazi wao.

Wewe je, siku ukigundua umedanganywa, unakuwa wa aina gani?